Kiingereza cha Leonia wa Kibirizi

Leonia alikuwa mwanika dagaa pale Kibirizi, jirani yangu hapa Gungu na mwenzangu wa jumuiya. Ziwa lilimchukua mumewe, akabaki na watoto wadogo. Miaka ile Warundi walipokimbilia mkoani kwetu, shirika moja la misaada likatangaza kazi ya ukalimani: ujue Kiingereza, Kiswahili na Kirundi, na uwe raia. Kirundi kwa Mha kama Leonia si shida, ni kama kuongea na mtoto wa shangazi. Kilichomkwamisha ni Kiingereza.

Akajifunza kwa Mzee Selestini, aliyekuwa mwalimu wa sekondari huko Burundi, na wakati huo katekista wetu alikuwa amemhifadhi uani kwake. Mzee alisema kila nomino ya Kiingereza ina mwenzake wa kufuatana naye: "reason" na "for", "fear" na "of", "answer" na "to". Ukikosea anashika kichwa.

"Mama Leonia, umevunja ndoa ya watu!"

Basi tunacheka. Leonia akawa anageuza dagaa juani huku anatunga sentensi kwa sauti, bei ya dagaa, haja ya chumvi, na wachuuzi wanamtania: "Mzungu mweusi, tupunguzie basi!"

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi nje. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Mzungu wa shirika akampa maneno, naye akayatungia sentensi bila kuyumba hata kidogo. Mzungu akatabasamu. Ndipo Bwana Wilfred, ofisa aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akamwambia aseme Kirundi. Akasema.

"Mama, umetoka kambi gani?"

"Kambi? Mimi wa hapa hapa, baba. Nimezaliwa Kalinzi."

"Wote mnasema hivyo. Kirundi hicho, na Kiingereza hicho! Muuza dagaa wa Kigoma akipate wapi? Nani kakufundisha?"

Nilimwomba Mungu amfunge Leonia mdomo. Lakini Leonia alidhani akimtaja mwalimu ndipo ataaminika.

"Mzee Selestini, baba. Yuko kwa katekista wa Gungu."

"Naye ni raia?"

Leonia akageuka kunitazama mlangoni. Wilfred akachukua kalamu.

Kazi akapewa mwingine. Hilo tungelimeza. Lakini kabla wiki haijaisha polisi wakaja wakampakia mzee kwenye karandinga, maana mkimbizi hakuruhusiwa kukaa nje ya kambi. Leonia akakimbia hadi kwenye gari.

"Shikamoo, Mzee. Nisamehe."

"Marahaba, mama. Ulijibu vizuri?"

"Nilijibu vizuri."

"Haya."

Gari likaondoka. Tangu hapo mke wa katekista hakumpa tena Leonia mkono wa amani kanisani. Anajifanya anafunga kanga ya mtoto. Bwana Wilfred namwombea, ila kwa taabu, ulimi mzito. Na wazungu wanaosubiri mtumbwi wa kwenda hifadhi ya Gombe wakimsemesha Leonia Kiingereza pale Kibirizi, anatikisa kichwa, anawaitia mtu mwingine.