Pombe ya Kumshukuru Shangazi

Shangazi wa mume wangu alitunza akiba ya kitongoji chetu kwa miaka mingi bila kulipwa hata punje. Akiba yenyewe ilikuwa mtama. Baada ya mavuno kila nyumba ilipeleka kikapu kwenye nyumba yake ya tembe, mtama ukamiminwa ndani ya kilindo kikubwa cha magome. Ukiishiwa unakopa, ukivuna unarudisha na nyongeza kidogo. Wajerumani walikuwa na boma lao, sisi tulikuwa na kilindo.

Aliyekuja kukopa aliingilia upande wa zizi, na shangazi hakumwambia mtu yeyote nani amekopa. Mimi mdomo wangu hautulii, kwa hiyo nilimshangaa sana. Umbea mtamu kiasi kile, naye anaumeza!

Mwaka ambao wanaume wengi walikwenda kazi ya reli, alisema magoti yamechoka. Tukakubaliana kumshukuru kwa sherehe, na siku hiyohiyo amkabidhi jirani yake kilindo. Kila nyumba ilete chungu cha pombe. Mavuno yalikuwa haba na mtama wangu ulikuwa umekwisha, lakini kuja mikono mitupu nisingekubali. Nikapita upande wa zizi.

"Shangazi, nina wageni."

Alinipimia kikapu kimoja, wala hakuuliza wageni gani.

Siku ya sherehe vyungu vilijaa uani kwake. Nilijiuliza watu hawa, jana wanalia njaa, leo wamepata wapi pombe yote hii. Tulicheza mpaka vumbi likatufunika. Kisha jumbe, mkuu wa kitongoji chetu, akataka kilindo kifunuliwe, jirani apokee mbele ya mashahidi. Kifuniko kikaondolewa. Mtama ulikuwa umebaki kiasi cha kufunika chini tu.

Ngoma zikanyamaza.

"Mama, mtama wa watu uko wapi?" jumbe aliuliza.

"Umekopwa."

"Na nani?"

"Na wenyewe."

Jumbe akarudia swali kwa sauti ya barazani. Kwa neno moja tu angejiokoa. Asipolisema, angeitwa mwizi kwenye sherehe yake mwenyewe. Alikunja mikono. Nilimkasirikia jumbe, nikajionea haya.

Jirani ndiye aliyetangulia. Akaweka kibuyu chini. "Kikapu kimoja nilichukua mimi. Kimo ndani ya chungu kile."

"Changu kile pale, kilichovunjika mdomo," nikasema.

Mwingine akanyoosha kidole, na mwingine. Kila mmoja alikuwa amedhani amekopa peke yake. Mwisho mke wa jumbe akakohoa, akaonyesha chungu ambacho mumewe alikuwa anakinywea tangu asubuhi. Jumbe akatazama ndani ya kibuyu chake kwa muda mrefu, na hapo tukacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Jirani alikataa kupokea kilindo. "Ningeulizwa mimi," alisema, "ningewataja wote kabla jumbe hajamaliza kuuliza."

Nilimpenda sana shangazi siku ile. Alichota pombe, akaionja, akasema ni nzuri. Kisha akarudisha kifuniko mahali pake, akatuambia tunywe bila wasiwasi, maana mavuno yakija atatudai wote, mmoja mmoja, bila mwenzake kujua.