Joho la Mmoja, Kofia ya Mwingine

Siku niliyopata shahada ya uzamifu, joho langu jekundu lilizunguka nyumbani Kapseret kama ilivyo desturi yetu: kila mtu alivae, apigwe picha. Mjomba akaropoka eti sasa familia imepata msomi. Damu ilinichemka. Dada yangu alipata cheti cha kuchomelea vyuma kabla mimi sijamaliza sekondari, na mageti yake yamejaa Eldoret! Kabla sijafungua mdomo, Mama, joho likiwa bado mwilini mwake, akamwagiza dada alete kofia yake ya kazi, ile inayofunika uso mzima. Mama akaivaa mwenyewe. “Piga sasa,” akaniamuru. Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Mgeni akiuliza huyo ni nani, Mama hujibu, “Hao ni watoto wangu.”