Kona ya Tatu

Majina siandiki. Wenyewe wakisoma watajijua, na wasiojijua ndio hasa ninaowasema.

Kundi letu la wafumaji mtandaoni lina watu sabini na kitu, na kati yao wanaojua kufuma hawafiki kumi. Nilisema hivyo zamani na nasema hivyo leo, ingawa leo nasema kwa sauti ya chini. Asubuhi watu wanaamka na picha ya ua jekundu lenye umande na mstari wa Biblia chini yake. Mchana mtu anaweka picha ya kitambaa cha kochi kilichopinda kama njia ya ng'ombe, na hapo ndipo mvua inapoanza: hongera mpendwa, hongera mikono ya dhahabu, hongera sana na mimi naomba nifundishwe. Hongera arobaini kwa kitambaa ambacho ukikitandika, kochi lenyewe litaona haya.

Kuna mmoja aliyekuwa akiokota picha huko duniani na kusema kazi ni yake. Siku moja aliweka kitambaa kizuri cha meza, na nyuma ya meza kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na theluji. Theluji, Babati! Nikasubiri mtu mwenye akili aseme neno. Wakampa hongera thelathini na moja.

Admini wetu ni mama mmoja wa huko Nakwa, mtu wa ujumbe wa sauti. Ujumbe wake mfupi ni dakika nne. Ndani yake utasikia jogoo, utasikia akimfukuza mbuzi kwenye mboga, utasikia akimjibu mtu aliyepiga hodi, na mwisho atasema, "Basi wapendwa, nilichotaka kusema nimesahau, nitarudi." Na anarudi kweli.

Mtauliza nilikuwa nafanya nini humo. Niliingizwa na mtu mmoja, na kwa ajili ya mtu huyo huyo nilibaki.

Nilihamia Babati mwezi wa tano, peke yangu, nikiwa nimeachana na mambo ambayo si ya hapa. Nimekulia Morogoro mjini. Mahindi niliyajua yakiwa unga. Nilipanga chumba Maisaka, nikafungua steshenari karibu na stendi, mashine moja ya fotokopi na rafu ya madaftari. Wiki nzima watu walikuwa wakiniita "dada wa fotokopi", na jioni nilikuwa narudi chumbani bila kuwa nimeongea na mtu jambo lolote lisilo karatasi. Shule zilipofunga mwezi wa sita, hata wa karatasi hawakuja.

Siku moja akaingia mama mmoja wa Mutuka, mtu mzima, kilemba cha bluu, kutoa nakala ya cheti cha ubatizo cha bintiye. Akanikuta nimelalia meza. Akasema, "Mikono yako inalala mchana, mwanangu. Si vizuri." Akatoa kroshia na uzi kwenye mkoba wake, akanikunjia vidole vyangu juu ya ile sindano yenye ndoano, kimoja kimoja. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika mkono tangu nifike mji huu. Nilikaribia kulia mbele ya mashine ya fotokopi.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa naenda kwake Mutuka. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, ingia." Tulikaa ukumbini kwake, yeye na kazi yake, mimi na yangu. Alikuwa akifuma kitambaa kikubwa cha meza, cheupe, cha sendofu ya binti yake wa mwisho, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, itakayofanyika baada ya mavuno. Miezi mingi alikuwa nacho magotini. Alisema hataki binti yake akae mbele ya watu kwenye meza yenye plastiki ya dukani, na mimi niliunga mkono, maana zile plastiki zenye maua ya kuchapwa nazidharau kuliko theluji ya yule mwizi wa picha.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa moja. Alisema, "Hesabu wewe, nisikie," nami nilihesabu matundu kwa sauti, ya kazi yangu na wakati mwingine ya kazi yake. Nikimaliza mstari alikichukua kitambaa changu, akapitisha kidole ukingoni taratibu, akasimama mahali. "Hapa umeruka. Fumua." Nikinuna alicheka. "Kufumua si aibu. Aibu ni kuacha."

Nilijifunza haraka. Nasema bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo. Kufika mwezi wa kwanza nilikuwa mfumaji wa miezi saba, na hakuna mtu mwenye jicho kali kama mfumaji wa miezi saba.

Mwezi huo huo bintiye alikitandika kile kitambaa mezani, kikiwa karibu kwisha, akakipiga picha na kuiweka kwenye kundi. Hongera zikaanza kumwagika. Hongera mama yetu. Hongera mwalimu wetu. Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili kwenye simu. Kona moja ilikuwa imelala upande. Nikaziangalia zile hongera, nikajisemea, hata kwa huyu? Hata kwa mtu anayejua kazi wanaandika uongo ule ule wanaomwandikia mwizi wa theluji? Niliona ni heshima kumwambia ukweli. Nikaandika mbele ya watu sabini: "Kona ya tatu imepinda. Fumua."

Hakuna aliyejibu. Jioni admini aliweka picha ya ua.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha kutwa nzima na sikwenda Mutuka. Nyingine vile vile. Kisha kundi likanyamaza. Hakuna ua, hakuna mstari wa Biblia, hata jogoo wa Nakwa sikumsikia. Siku tatu, wiki, wiki mbili. Mimi nikaweka picha ya kazi yangu, kitambaa cha trei, kona nne zimenyooka kama karatasi. Sikupata hongera hata moja. Mtu anayezidharau hongera kama mimi hakupaswa kuumia, lakini niliumia, na sikulala vizuri.

Nikamwandikia mwalimu wangu: "Shikamoo mama." Tiki moja. Kesho yake tiki moja. Nikapiga, simu haipatikani. Kwenda Mutuka kwa miguu yangu sikutaka. Nikamwangukie mtu aliyenibloku kwa sababu ya kona? Nikaamini wamekaa mahali wakakubaliana kunisusia, mgeni asiye na adabu. Nilivyowaona mimi, kususa ndiyo kazi pekee ambayo wangeweza kuimaliza bila kuruka tundu.

Sasa sikilizeni upumbavu. Mbele ya duka langu kuna fundi cherehani. Wiki hizo hizo alifunga mlango wake akabandika karatasi: NIPO SHAMBA. Mwenye duka la viatu akafunga. Mama wa chapati akatoweka. Barabara ikawa tupu mchana. Mimi nilikaa nyuma ya meza yangu nikasoma ile karatasi kila siku, na nilichowaza ni kwamba watu wa mji huu hawana nidhamu ya biashara.

Mwezi wa tatu nikaandika ujumbe wa kuaga. Niliusahihisha mara nyingi kuliko kitambaa chochote nilichowahi kufuma. Nilisema hili si kundi la ufumaji bali la kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilisema ukisema ukweli unasusiwa. Nilisema wapo wanaoitwa walimu ambao hawaoni kona zao wenyewe na hawataki kuonyeshwa. Nikamalizia: nyani haoni kundule, kwaherini. Nikajitoa. Nilijisikia vizuri mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Mama wa Nakwa aliingia dukani mvua zilipokuwa zimekwisha, viatu vina udongo mwekundu, mkononi ana karatasi ya kuchapisha. Ilikuwa kadi ya mwaliko wa sendofu ya binti wa Mutuka.

"Habari za siku nyingi, dada. Ulitukimbia."

"Mlinisusia," nikasema. Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo kwa miezi.

Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia kwenye mboga. "Nani akususie? Tulikuwa tunapalilia."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama anavyoelezwa mtoto wa chekechea: kwamba mvua ikishika kila mwenye kipande cha shamba anakwenda, kwamba wengine mashamba yao yako mbali na wanahamia vibandani mpaka palizi iishe, kwamba huko umeme hakuna na simu inakufa siku ya pili. Kila mwaka kundi linanyamaza. Kila mwaka linarudi na maharage mapya. "Hukuona hata fundi hapo mbele kafunga?"

Nilimchukia. Nikaona niokoe kidogo. "Lakini mama wa Mutuka alinibloku."

"Akubloku na nini? Simu yenyewe anashikiwa na bintiye." Akashusha sauti, na sauti hiyo fupi sikuwahi kuisikia kwenye jumbe zake zote. "Dada, yule mama haoni. Jicho la kushoto limekwisha tangu mwaka juzi, na la kulia linafuata. Wewe si ndiye uliyekuwa unakaa naye kila Jumamosi?"

Hesabu wewe, nisikie.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

"Sisi wote wa huku. Ndiyo maana tunaandika hongera. Ulitaka tuandike nini?"

Mashine ilikuwa inatoa kadi, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyezikusanya. Nikauliza kama ujumbe wangu wa kuaga mama wa Mutuka aliusikia. Alisema bintiye alikataa kumsomea, kwa hiyo waliporudi kutoka shamba alimwita yeye amsomee, kwa kuwa ni admini na ujumbe ni wa kundi. "Nilipofika kwenye nyani nikaruka. Akaniambia, 'Rudi nyuma, hapo umeruka.' Nikamsomea."

Nilikwenda Mutuka Jumamosi hiyo. Njiani nilitunga maneno, nikayafuta, nikatunga mengine. Nataka kuwa mkweli: hata njiani nilikuwa bado namtafuta wa kumlaumu. Nilimlaumu binti kwa kutoniambia, nikamlaumu admini kwa kusoma vizuri mno, nikawalaumu wote sabini kwa huruma yao ya kimya kimya ambayo mtu wa kuja hawezi kuijua. Nilipofika kwenye uzio wake wa minyaa nilikuwa nimebaki peke yangu.

Alikuwa ukumbini na ungo wa maharage. Hakuwa anayatazama. Vidole vilipita, vikatoa jiwe, vikapita. Nilisimama hapo dakika nzima nikiangalia kitu ambacho kila Jumamosi kilikuwa mbele ya macho yangu mazima mawili.

"Shikamoo mama."

Mikono ikasimama. Aliijua sauti. Huko nyuma jibu lilikuwa moja siku zote, nami nililisubiri.

"Marahaba, mwalimu," akasema.

Hakulisema kwa kejeli. Laiti angelisema kwa kejeli, kejeli ningeijibu, ni lugha yangu. Alilisema kama mtu anavyomwita mwalimu wa shule ya watoto wake. Akaniambia nikae, akamwita binti alete chai. Binti akaileta, akaiweka chini, akaondoka bila kunisalimia, na alikuwa na haki.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikosa."

"Hapana. Wewe ulisema kazi." Akapapasa nyuma ya kiti chake, akatoa mfuko wa plastiki, akanipa magotini. Ndani mlikuwa na madonge ya uzi mweupe, manne, makubwa, yamezungushwa kwa mkono wa mtu asiyependa kazi ya ovyo. Uzi ulikuwa na mikunjo midogo midogo kote, kama unavyokuwa uzi uliokaa muda mrefu ndani ya kitambaa.

Nilijua ni nini kabla hajasema.

"Ulisema kona ya tatu," akasema. "Sikujua umeanza kuhesabu wapi. Kitambaa cha mraba hakina kona ya kwanza. Nikapapasa zote nne, nikarudia. Kidole hakikusimama mahali. Lakini wewe una macho, mwalimu. Nikafumua yote."

Nikaikumbuka ile picha. Ilionekana kwamba binti alikuwa amesimama pembeni ya meza, akainamisha simu kidogo ili mwanga wa mlangoni usiingie; huenda iliyolala upande ilikuwa simu, si kona. Kitambaa chenyewe sikuwahi kukigusa siku hiyo. Hata kukiona, siku hiyo nilikiona kwenye kioo cha simu tu.

"Na sendofu?" nikauliza.

"Tutatandika ile ya dukani. Ya plastiki. Wanasema ina maua."

Nilitaka kusema nitakifuma mimi upya. Mfumaji aliyefundishwa miezi saba, na sendofu imebaki wiki chache. Hata mimi nilisikia upuuzi wake kabla haujatoka mdomoni. Alikuwa amenigeuzia uso akisubiri neno, jinsi nilivyokuwa nasubiri mimi akipitisha kidole ukingoni mwa kazi yangu. Nikatafuta ukweli wa kumwambia. Wote niliokuwa nao nilikuwa nimeshautumia.

"Hongera, mama," nikasema.

"Asante, mwalimu," akasema, akaurudisha ungo magotini.