Kioo cha Picha ya Wazazi

Pikipiki ya baba ilitengenezwa Uingereza kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama shamba la ngano, na tangu nipate akili ilivuja oili. Kila jioni tuliweka mkebe chini ya injini. Asubuhi baba aliirudisha oili ndani, akachukua bisibisi, akakaza skrubu za kifuniko cha pembeni kwa nguvu zake zote na kututangazia kwamba leo haivuji. Ilivuja.

Mama alitangulia. Baba akafuata kabla viazi vya msimu ule havijachimbwa. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule. Matanga yalipokwisha, shangazi, dada yake baba aliyeolewa kule chini Embu, alisema atawachukua wadogo zangu wawili.

"Watakula nini hapa Kibirichia?"

"Viazi. Na vingine nitauza."

"Vitafika sokoni Gakoromone vikitembea?"

"Kwa pikipiki ya baba."

Alicheka huku machozi yakimtoka. "Hiyo? Hiyo inamaliza oili kuliko babu yako alivyomaliza pombe ya muratina. Utakwama njiani na gunia lako." Kisha akajifuta uso. "Nitarudi. Nikikuta haivuji, nakuachia. Ikivuja, nafunga nguo zao."

Nilifungua kifuniko nikakipeleka kwa fundi mmoja mjini Meru. Alikilaza kwenye rula ya chuma akakiinua juani. Mwanga ulipita katikati.

"Babako alikuwa akikaza skrubu au akifunga fahali?"

"Alikuwa akikaza tu."

"Basi amekipinda. Hata ukate gasketi ya dhahabu, oili itatoka. Tafuta kioo kilichonyooka, upake hii pasti ya kusagia vali, usugue mpaka kilale sawa. Pole kwa mzee."

Alinipa pasti kidogo ndani ya kizibo cha soda.

Nyumba yetu ilikuwa na madirisha ya mbao. Kioo cha kunyolea cha baba kilikuwa na ufa. Kilichobaki ni kile kilichofunika picha ya baba na mama, ile iliyobebwa mbele ya jeneza.

Niliishusha ukutani. Nikampa dada yangu picha aishike, nikalaza kioo mezani, nikapaka pasti na kuanza kusugua kifuniko kwa mzunguko. Kilitoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga.

"Utawaumiza," yule mdogo wa mwisho akasema.

"Hawamo kwenye kioo," dada yake akamjibu, lakini aliibana picha kifuani.

Nilisugua mpaka ukingo wote wa kifuniko ukawa na rangi moja. Gasketi ya kuziba kati ya kifuniko na injini niliikata kwa kadibodi nyembamba, nikiigonga taratibu kwa nyundo kuufuata ukingo. Kisha nikarudisha skrubu, moja huku, nyingine ng'ambo, kidogo kidogo. Mwishoni mkono ulitaka kuongeza. Ulikuwa mkono wa baba kabisa. Nikauzuia.

Shangazi aliporudi hakuuamini mkebe. Alitoa kitambaa chake cheupe, akakitandika chini ya injini inayonguruma, akaenda kunywa chai. Alipokiokota hakikuwa na doa. Alikigeuza huku na huku.

"Sawa," akasema. "Lakini likizo watakuja kwangu. Hapo sibishani na wewe."

Akaingia ndani kuiaga picha ya ndugu yake. Nikamfuata. Kioo kilikuwa kimerudi mahali pake, kimekwaruzwa na pasti hadi kikawa cheupe kama maziwa. Nyuma yake ungeweza kujua kuna watu wawili, ila si nani.

"Mbona wamefifia hivi?"

Nilimweleza. Alisogea, akakifuta kioo kwa kitambaa kile kile. Akakipumulia, akafuta tena, kwa nguvu zaidi, pale ulipokuwa uso wa baba.

Sikumwambia kwamba nilishajaribu sabuni, na majivu.