Kiti cha Dominika

Zenon wa Pito ni mkaidi, na wala hasingiziwi. Akisema maharage yatapandwa Jumatano, yatapandwa Jumatano hata inyeshe mvua ya mawe. Kwa hiyo alipotangaza kwamba atateremka Mtowisa kwa baiskeli, peke yake, na miaka yake sitini na miwili, majirani walimkanya kidogo tu wakachoka. Mzee, mabasi yapo. Bodaboda zipo. Akawajibu kwamba mjukuu wake hatapandishwa mlima kama gunia la mpunga.

Kiti cha mjukuu kilikuwa tayari. Urbano, fundi wa kuchomelea pale Milanzi, alikifunga juu ya keria: chuma chepesi, egemeo, mahali pa kuwekea miguu, na mkanda uliokatwa kwenye begi kuukuu. Mbele ya kiti Zenon alitaka iwekwe kengele ya pili, ya mtoto mwenyewe. Mto wa sponji alikishonea kwa mikono yake, kwa kitenge cha marehemu mkewe, Dominika. Mtoto naye anaitwa Dominika. Ana miaka mitatu, na babu yake alikuwa hajamtia machoni hata siku moja.

Hapo sasa ndipo pa kulia. Miaka mitano nyuma Redempta, binti pekee wa Zenon, aliteremka bondeni kununua mchele wa kuja kuuza mjini. Huko akampenda Masalu, kijana wa Kisukuma ambaye watu wake walihamia Mtowisa na mifugo yao. Wakaanza kuishi pamoja bila ndoa ya kanisani. Zenon, mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa benchi la mbele kila Jumapili, alijiona amevuliwa nguo hadharani. Ndalahwa, baba yake Masalu, alifanya lililompasa: aliswaga ng'ombe wa mahari siku tatu kupanda mlima mpaka Pito. Zenon hakuwapa hata maji. "Simtoi mwanangu kwa watu wasioijua altare," alisema, na ng'ombe wakageuzwa siku ileile, wengine wakichechemea. Jamani, ukaidi gani huo!

Alidhani amefunga mlango. Hakujua, na hakujishughulisha kuuliza, kwamba kwa ukoo ule wa Ndalahwa ng'ombe wasipopokelewa, mtoto anayezaliwa si wa baba yake. Ni wa baba wa mwanamke.

Redempta alifariki kwa homa mwezi wa tatu mwaka huu, mvua zikiwa zimekata barabara. Siku mbili kabla, simu ya Zenon iliita mara tatu akiwa shambani. Kuna watu aliwaambia hakuijua ile namba. Mwongo! Aliijua vizuri sana, ya binti yake. Aliitazama ikiita, akairudisha mfukoni, akaendelea kupalilia. Taarifa ya msiba ilimfikia watu wameshatoka kuzika. Mwezi wa sita Ndalahwa akamtumia ujumbe: ng'ombe hukuwataka, kwa hiyo mtoto ni wako, ukimhitaji njoo umchukue. Zenon alilia kwa furaha. Alisema Mungu amemwachia kipande cha Redempta, na hicho hatakiachia tena.

Basi aliondoka Pito kabla ya jua, koti juu ya sweta, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya uwandani. Mfukoni alikuwa na spana, viraka na gundi. Kwenye usukani alining'iniza unga wa ulezi wa uji wa mtoto. Kila baiskeli iliporuka shimo, kengele ya nyuma ililia yenyewe, na Zenon akacheka peke yake. Redempta alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akimbeba mbele, juu ya bomba la fremu, kwenda misani, na binti hakuacha kuku hata mmoja apite bila kupigiwa kengele. Mzee alikumbuka wale kuku mmoja mmoja.

Alipofika ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ule mlima wa kuteremkia Mtowisa, bonde lote lilikuwa limelala chini yake, na Ziwa Rukwa likimeta kule mwisho. Barabara hapo inaanguka. Breki zilinuka mpira. Kwenye kona kali alishuka, akaivuta baiskeli nyuma kwa nguvu zake zote. Koti likavuliwa, kisha sweta.

Muze alisimama kununua ndizi. Mama muuzaji alikitazama kile kiti akatabasamu.

"Shikamoo mzee. Abiria wako umemwangusha wapi?"

"Marahaba. Sijamwangusha, mwanangu. Ndiyo ninamfuata."

Baada ya hapo ni joto na mchanga. Tairi la nyuma lilipata pancha, akalitia kiraka chini ya jua kali. Saa kumi alasiri, chumvi ya jasho ikiwa imemkaukia shingoni, aliuona uzio wa miiba wa Ndalahwa.

Angetukanwa, angepata nafuu. Hakuna aliyemtukana. Ndalahwa alimletea kigoda, maji ya kunawa yakaja. Masalu alimwamkia akitazama chini, na Zenon akaomba kuonyeshwa kaburi.

Lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo wake umefagiliwa. Kichwani pamesimama msalaba wa mti uliolainishwa kwa uangalifu, jina la Redempta limechongwa kwa kisu.

"Nani ameutengeneza?"

"Ni mimi, baba," alijibu Masalu. "Alikuwa ameniomba."

Mama yake Masalu alikuwa amesimama pembeni. Naye akasema, polepole, "Ng'ombe wako wapo, mzee. Marehemu hakukubali wachanganywe na wengine. Kila asubuhi aliwakamua mwenyewe. Ukimuuliza ni wa nani, anasema, wa baba, atakuja kuwapokea."

Zenon alikaa chini kwenye vumbi. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisichojali nani anasikia. Aliumia, na ilikuwa haki yake kuumia.

Baadaye mtoto aliletwa, mgongoni kwa bibi yake, uso ameuficha. Pua ilikuwa ya Redempta kabisa. Kengele ndiyo iliyomtoa. Aliigusa, ikalia, akaigusa tena. Zenon akampakia, akamfunga mkanda. Kibunda cha nguo zake kilikuwa kimeshafungwa.

"Ni wako," alisema Ndalahwa. "Hatukuzuii. Lala upumzike, kesho muondoke."

"Nataka tu akizoee kiti," alisema Zenon, akaanza kusukuma.

Mtoto alicheka. Alipiga kengele kwa mbuzi, akapiga kwa kuku, na Zenon akaona siku zake zilizobaki zote zikiwa namna hiyo. Walipoupita uzio wakashika njia kubwa, mtoto akageuka nyuma. Hakumwona mtu.

"Mama," alisema. Kisha akapiga yowe, akiuvuta mkanda. "Nirudishe kwa mama!"

Mama alikuwa ni yule bibi. Hakuwa na mwingine tena. Zenon alijua watoto hulia wakanyamaza, na alijua kwamba haki ni yake. Mikono yake haikutoka kwenye usukani kwa muda mrefu. Alikumbuka simu inayoita na mtu anayeitazama ikiita. Mzee huyu ambaye hajawahi kugeuza neno lake aliigeuza baiskeli.

Alimkabidhi mtoto kwa bibi yake, akamgeukia Ndalahwa.

"Mkwe wangu, nionyeshe wale ng'ombe."

Walikuwa ndiyo wanaingia zizini. Zenon alimwekea mkono mgongoni yule wa mbele.

"Nimewapokea," alisema.

Ndalahwa alimtazama sana. "Unajua unachokisema, mzee?"

"Najua. Mtoto ni wa kwenu. Na hawa wabaki hapahapa, awe anakunywa maziwa." Bibi alipiga magoti, mtoto kifuani.

Kabla jua halijazama Zenon alirudi kaburini peke yake. "Redempta," alisema, "ng'ombe nimewapokea." Alingoja pale mpaka wakaja kumwita kula.

Kesho yake unga aliuacha, na mto wa kitenge akauacha. Spana alikuwa nayo mfukoni, lakini kiti hakukifungua. Kengele ililia yenyewe kwenye kila shimo mpaka Muze, na yule mama wa ndizi akamwona kwa mbali.

"Mzee! Abiria wako yuko wapi?"

"Yuko kwao," alisema Zenon, akashuka, akaanza kuisukuma baiskeli kupanda mlima.