Swali Lilikuwa la Kwake

Jumatatu nilimpeleka mjukuu wangu kuandikishwa chekechea hapa Majengo, Mpanda. Mbele yetu alisimama mama mmoja wa Mwamkulu na mwanawe mdogo, ambaye alikuwa akichezea komeo la mlango bila kumtazama mtu.

"Umekuja na nani, baba?" mwalimu akamwuliza mtoto huyo.

Mtoto akazidi kulisukuma komeo. "Kaja na mama yake huyo!" mzazi mmoja akamjibia. Mwingine akanong'ona, "Bubu huyo."

Mama akageuka. "Si bubu, ana usonji. Na swali ni la kwake, jamani. Sista anayemfundisha kusema kaniambia nikishamwuliza, ninyamaze, nimsubiri."

Mwalimu akataka kuuliza tena. Mama akamwinulia kiganja. Foleni nzima tukanyamaza, tukisikiliza komeo likienda na kurudi.

Mtoto akaliachia. Akashika kanga ya mama yake.

"Mama," akasema.

Mwalimu akamwandika.

Watu wa Mpanda tunalala stesheni tukisubiri treni ya Tabora, na ikifika kesho yake tunaishangilia. Neno la mtoto huyu lilichelewa kidogo tu, na tayari tulishasema haliji.