Nilimwambia rafiki yangu mama yake amefariki, akadhani ni utani wetu

Admin, jina langu lifiche, na duka langu usilitaje maana Kibiti ni ndogo, watanijua mara moja. Mimi ni kijana wa miaka 24, fundi simu, ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kufungua simu za ndugu zangu mpaka wakawa wananificha. Nimeandika hii nikafuta, nimeandika nikafuta, leo naituma hivi hivi.

Nina rafiki, nimwite Saidi, kwao Kiongoroni kule delta. Mimi na yeye ni watani, ukoo wake na wangu, toka enzi za mababu. Kwa wasiojua, mtani anaruhusiwa kukuambia lolote, hata la msiba, na hukasiriki. Kwenye kuzika ndo balaa, mtani anaingia kaburini analala, anagoma kutoka mpaka wafiwa wampe chochote, watu wanacheka huku wanalia. Kwa hiyo mimi nikimwona Saidi salamu yangu ni, "Mama yako hajafa tu? Nausubiri ule ungo wake niurithi." Na mama mwenyewe alikuwa hatari kuliko sisi. Siku tunaondoka alinipigia, "We mtani, nikifa ukalale kaburini kwangu, lakini ukaoge kwanza, usije kuninukia."

Safari ilikuwa ya Malawi. Hatukuwa na shughuli yoyote huko, tulitaka tu na sisi tuvuke mpaka. Bwana wee, tulikoma! Simu ya Saidi ilidumbukia kwenye ndoo ya kuogea gesti hata hatujavuka, na mimi fundi mzima sina hata bisibisi. Mpakani nikamwaga Kiingereza changu cha kujifunza mtandaoni, nikasema tumekuja kutembea, yule afisa akaelewa tumekuja kwa miguu, akachungulia viatu vyetu. Saidi alinicheka kwa hilo mpaka Lilongwe. Huko baridi utadhani mmefungiwa kwenye friji, na hatukubeba hata sweta. Ugali mchana, ugali usiku, Saidi anaulizia wali wa nazi kama mjamzito. Na mabasi hayana saa, basi linaondoka likijaa, mnakaa stendi mpaka mnazoeana na wauza karanga.

Ndo hapo stendi, tunasubiri la kwenda Blantyre lijae, simu yangu ikaita. Kaka yake Saidi.

"Uko naye karibu?"

"Hapana kaka, kavuka barabara, anaangalia vitenge."

"Mama katutoka alfajiri. Tunangoja maji yajae, boti za ndugu wa Mbwera zifike, tuzike. Nyie hamuwahi. Usimwambie, umesikia? Mwambie anaumwa, mrudi. Habari ataipata hapa nyumbani, kwa wakubwa."

Kwetu ndo ilivyo, mfiwa aliye safarini haambiwi njiani. Nikasema sawa kaka. Ningesema nini?

Saidi huyo akarudi, vitenge viwili mkononi, meno yote nje. "Mtani, cha bluu au hiki cha ndege? Cha mama hiki, usilete mambo yako."

Nikasema cha bluu. Jamani, nilimchagulia kitenge marehemu. Nikamwambia kaka yako kapiga, mama anaumwa, turudi. Akasema, "Malaria yake hiyo, hanywi dawa mpaka anione." Akakikunja kile kitenge vizuri akakipakata.

Basi la kurudi mpakani nalo likagoma kujaa. Tumekaa, Saidi analalamika kiti kimechomoza msumari, baridi, chai haina tangawizi, na mimi kila neno lake linanichoma. Akaanza kusema mama akimwona kakonda hivi atanilaumu mimi. Nikashindwa. Nikamwambia, "Saidi, mama yako amefariki."

Akacheka! "Afadhali. Haya, ungo chukua, na yule kuku mwenye kifafa chukua."

"Sikutanii."

"Mtani gani hatanii? Umeanza kuzeeka?" Akanipiga bega, anasubiri nijibu kama siku zote.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikasema, "Kuku simtaki, nataka na kitanda." Akafurahi, akalala begani kwangu mpaka mpakani. Njia nzima hadi Kibiti tukaendelea hivyo hivyo, yeye anatania, mimi najibu.

Kibiti hatukupumzika, tukachukua boda mpaka Nyamisati kutafuta boti. Tumefika tu, nahodha mmoja anayetujua akamshika Saidi mkono. "Pole sana mdogo wangu. Tulizika vizuri, watu walijaa."

Saidi hakumwangalia nahodha. Aliniangalia mimi. Akasema taratibu kabisa, "Uliniambia." Kisha akasema, "Halafu ukacheka." Akanirushia kile kitenge kifuani, "Mpelekee uliyemchagulia," akapanda boti. Nikataka kupanda, akamwambia nahodha huyu akipanda mimi nashuka. Boti ikaondoka, nikabaki na kitenge.

Toka siku hiyo, hata baada ya kupata simu nyingine, hapokei simu zangu. Sasa juzi kaka yake kanipigia. "Mtani, kaburi la mama halikuzuiwa na mtani yeyote. Tumemzika kimya kama mgeni. Kabla hajakata roho alikuulizia wewe, akasema huyo mchafu keshaoga? Arobaini inakuja, njoo ufanye mambo yako pale kaburini, aridhike." Nikamuuliza, na Saidi? "Saidi kasema ukikanyaga Kiongoroni, yeye anaondoka kabla hata ya dua."

Nikienda, namfukuza mtoto kwenye arobaini ya mama yake. Nisipokwenda, mama niliyemtania miaka yote atakuwa hajatimiziwa neno lake la mwisho kwangu. Na hata nikienda, jamani, nitachekesha watu vipi? Mdomo wenyewe sina tena.

Kitenge kiko hapa mezani, chini ya simu za watu. Boti ya kwenda huko inaondoka maji yakijaa. Ndugu zangu mnaosoma, hasa mnaojua utani, nipande au nibaki? Niambieni, nimeshindwa kuamua mwenyewe.